Kompyuta ya gemu mwisho wa reli: Usinunue taa, nunua nguvu!

KUNA watu mpaka leo wanadhani mashine ya maana haiwezi kuunganishwa Kigoma. Waulizeni MV Liemba! Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafiri kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaletwa hapa hapa mwisho wa reli na kuunganishwa upya. Mwaka 1915 ikaingia ziwani. Sasa wewe kijana wa Ujiji unaogopa nini kuunganisha boksi moja la kompyuta?

Nauliza kwa sababu mtaani kwetu kuna ugonjwa mpya. Kijana akichoka kupanga foleni kwenye kibanda cha PlayStation, akichoka kuambiwa "muda wako umekwisha, mpishe mwenzio", anaanza kuota kompyuta yake mwenyewe ya gemu. Ndoto si mbaya hata kidogo. Usiku unacheza mpira, asubuhi unakata video za harusi za watu na kuingiza chochote mfukoni. Tatizo ni kwamba wengi wanatoa vijisenti vyao vyote na kuletewa boksi lenye taa za rangi saba na nguvu za kalkuleta!

Mshikaji wangu mmoja wa Kasingirima anabeba dagaa kwa bodaboda kutoka Kibirizi. Alijichanga mpaka akafikisha milioni moja na laki mbili. Hiyo si pesa ya kuokota, jamani. Zikifika siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika, dagaa wanaadimika, na bodaboda inalala. Basi muuzaji mmoja wa Dar akamtumia picha kwenye simu. Boksi lina kioo ubavuni, feni zinawaka nyekundu, bluu na kijani. Na maneno yake matamu: "Hii ni i7 bosi wangu, gemu zote inacheza. Tuma hela leo, kesho kuna mtu anaichukua."

Mshikaji alikuwa ameshashika simu, bado namba ya siri tu. Nikamwambia, kaka, hebu muulize maswali matatu kwanza. Hiyo i7 ni namba ngapi? Kadi ya grafiki inaitwaje? Pawa saplai ni ya wati ngapi? Jibu la kwanza lilikuja: i7-2600. La pili likaja: GT 730. La tatu halijaja mpaka leo.

Ukisikia i7, usitetemeke

Prosesa ndiyo inayopiga hesabu zote za kompyuta. Wauzaji wanajua kwamba wateja wengi wanaangalia herufi ya mbele tu: i7 ni kubwa kuliko i5, basi. Sivyo! Angalia namba inayofuata. Kwenye i7-2600, ile 2 ya mwanzo inakuambia ni kizazi cha pili, na prosesa hiyo ilitoka mwaka 2011. Ina viini vinne. Chukua i5-8500, kizazi cha nane, iliyotoka 2018. Hii ina viini sita na inaiacha i7 ile ya zamani mbali. Ukikuta namba ya tarakimu tano, kama i5-12400, soma mbili za mwanzo: kizazi cha 12.

Kizazi kina jambo jingine. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha vighairi vichache. Kwa hiyo ukinunua ya chini ya hapo unaanza safari na tairi lililokwisha.

Na ile GT 730? Ni kadi ya mwaka 2014 ya kuonyeshea picha kwenye kioo na kutazamia filamu. Kuipa gemu za leo ni sawa na kumpa mtoto wa darasa la kwanza gunia la mkaa alipeleke Mwanga kwa miguu.

Anza na gemu, si na duka

Watu wengi wanaanza kwa kuuliza bei ya kompyuta. Anza kwa kuuliza unataka kucheza nini. Kila gemu ina masharti yake, nayo yanaandikwa wazi na watengenezaji. EA Sports FC 24, mpira ule uliotoka 2023, inataka kwa uchache ramu ya GB 8, kadi ya kiwango cha GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Ukitaka mambo yawe laini zaidi, wanapendekeza ramu GB 12 na kadi ya kiwango cha GTX 1660. GTA V, iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, ni mpole zaidi: waliitolea mapendekezo ya ramu GB 8 na kadi ya GTX 660, ambayo ni ya mwaka 2012.

Umeona? Ukijua unacheza mpira na GTA, huna haja ya kuuza shamba la michikichi la babu. Unahitaji kadi inayojitosheleza kwenye kioo cha kawaida. Hiki cha kawaida kina nukta 1,920 kwa 1,080. Vile vioo vya 4K wanavyojisifia vina nukta mara nne ya hizo, maana yake kadi inafanya kazi mara nne. Kwa bajeti yetu hiyo ni anasa.

Kadi ndiyo injini, lakini inakunywa umeme

Kwenye kompyuta ya gemu, pesa nyingi iende kwenye kadi ya grafiki. Hilo mafundi wote wanakubaliana. Mimi nina langu la kuongeza kwa sisi wa Ujiji: kabla hujauliza ina nguvu kiasi gani, uliza inakula wati ngapi.

RX 580 ni kadi ya mwaka 2017 yenye GB 8, na mitumba yake imejaa. Inakula wati 185 na inataka waya wake wa umeme kutoka pawa saplai. RTX 3060 ya mwaka 2021 ina GB 12 na inakula wati 170. Halafu kuna GTX 1650 ya mwaka 2019. Hii ina GB 4 tu, lakini inakula wati 75. Kwa nini 75 ni namba ya maana? Kwa sababu ndicho kiasi ambacho tundu la kadi kwenye mazabodi, yaani ule ubao mkubwa wa ndani, linaweza kutoa lenyewe. Aina nyingi za GTX 1650 hazihitaji waya wa ziada. Unaichomeka, unawasha, kazi imekwisha. Angalia tu usije ukapewa ile yenye tundu la waya juu yake, maana zipo.

Sasa njoo kwenye LUKU. Kompyuta yenye i5-8500 na GTX 1650, ukijumlisha na kioo, kwenye gemu inakula kama wati 200. Cheza saa nne kila siku, kwa mwezi ni uniti 24. Ukiweka kadi ya wati 180 na kitu, kompyuta nzima inagusa wati 300, na saa zile zile nne zinakuwa uniti 36. Kwa bei za umeme zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alipangiwa Sh. 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo ni Sh. 350. Kama nyumbani kuna friji, pasi na televisheni, ile kadi kubwa ndiyo itakayomtoa mama kwenye bei ya chini. Siku hiyo ukisikia "nani amemaliza umeme humu ndani?" usinitaje.

Mtumba wa ofisi ni mali

Njia ninayompendekezea mwenye milioni moja na kidogo ni hii. Achana na boksi la taa. Tafuta kompyuta ya mtumba ya ofisi, zile Dell OptiPlex, HP ProDesk au EliteDesk, yenye kizazi cha nane. Zimekaa mezani kwa karani miaka mitano zikiandika barua tu. Hazijateswa.

Kuna sababu nyingine ya sasa. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya ramu imepanda vibaya dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu zake kwenye makompyuta makubwa ya akili bandia. Kununua ramu peke yake imekuwa kama kununua dagaa siku za mbalamwezi. Lakini mtumba wa ofisi unakuja na ramu yake tayari ndani.

Masharti ni matatu. La kwanza, chukua boksi refu la kusimama, siyo lile jembamba, maana kwenye jembamba kadi ya kawaida haiingii, inataka kadi fupi maalumu. La pili, jua kwamba pawa saplai za kompyuta nyingi za namna hii ni za wati 200 hadi 300, na Dell na HP mara nyingi wanatumia plagi zao wenyewe. Huwezi kuchukua pawa saplai yoyote ya dukani Lumumba ukachomeka. Hapo ndipo GTX 1650 ya wati 75 inapotuokoa, kwa sababu haikulazimishi kubadilisha kitu. La tatu, ramu za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani hata ukilazimisha kwa nyundo. Kizazi cha nane cha mezani kwa kawaida ni DDR4. Na weka vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwani viwili vinapitisha data kwa njia mbili na gemu inapumua vizuri zaidi.

Diski iwe SSD. Ile diski ya zamani inayozunguka inasoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na SSD ya kawaida ya waya inafika karibu 500. Ukitaka kujua tofauti, washa kompyuta mbili kwa pamoja. Mwenye SSD atakuwa ameshafunga goli la kwanza, mwenzake bado anatazama duara linazunguka.

Mgawo wa milioni moja na laki mbili

Hizi ni kofia zangu za juu. Bei za duka zinapanda na kushuka, lakini ukivuka kofia moja ujue unaiba kwenye nyingine.

Kompyuta ya ofisi yenye i5-8500 na ramu GB 8: 400,000. Kadi ya GTX 1650: 270,000. Ramu ya GB 8 ya kuongeza: 80,000. SSD ya GB 500: 100,000. Kioo cha mtumba cha inchi 22: 110,000. UPS: 150,000. Usafiri: 50,000. Kibodi na mausi: 40,000.

Ukijumlisha unapata 1,200,000 kamili. Mshikaji wangu aliukubali mgawo huu kwa shingo upande. Aliuliza mara mbili, "Na taa je?" Nikamwambia taa ataizima akilala.

Pia alitaka kuitoa UPS ili apate kadi kubwa. Nikakataa katakata. Kwa miaka mingi mkoa wetu uliishi kwa majenereta ya dizeli, na mwaka 2022 ndipo umeme wa Gridi ya Taifa ulipoanza kuingia Kigoma. Mambo yamekuwa afadhali, lakini kukatika na kurudi kwa kishindo tunakujua wote. Kompyuta ikizimika ghafla wakati inaandika kwenye diski, video ya harusi ya mtu inaweza kwenda na maji. Bibi harusi huwezi kumwambia avae shela upya! UPS ya VA 650 kwa kawaida inabeba wati kati ya 300 na 400. Inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Hizo dakika ndizo unazonunua.

Pima kabla hujatuma hela

Kutoka Dar mpaka kwetu ni karibu kilomita 1,250 za reli. Kitu kikifika kibovu, kukirudisha ni nauli, siku na ugomvi. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike huko huko kabla ya kulipa. Kama una ndugu Dar, mtume Kariakoo akasimame mbele ya mashine. Kama huna, mwambie muuzaji apige simu ya video.

Kuna utapeli wa aina mbili kwenye kadi. Wa kwanza, mtu anachukua kadi kuukuu kama GTS 450 ya mwaka 2010, anaibadilishia programu ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inadanganyika. Dawa yake ni programu ya bure inayoitwa GPU-Z. Mwambie muuzaji aifungue mbele yako. Ikigundua uongo inaandika FAKE mbele ya jina la kadi. Wa pili ni wa kistaarabu zaidi. Kuna RX 580 yenye maandishi madogo 2048SP. RX 580 halisi ina vitengo 2,304 vya kuchorea, hii ina 2,048, sawa na RX 570. Si kadi mbaya, ila usiilipie bei ya kaka yake.

Vilevile uliza kadi ilikuwa inafanya kazi gani. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha mtindo wa kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zinachemka usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Nyingine bado nzima, nyingine feni zimechoka. Mwambie acheze gemu nusu saa huku unatazama. Kama picha inatoa madoadoa au mashine inajizima, mshukuru, mtakie siku njema.

Ukisharidhika, kadi itolewe ndani ya kompyuta na kufungwa peke yake kwenye sponji. Ikisafiri ikiwa imechomekwa, mitikisiko ya njiani inaweza kuvunja tundu lake. Kioo kisafirishwe kikiwa kimesimama, kisilazwe chini ya magunia.

Ikifika Ujiji, usiiweke sakafuni, maana vumbi letu halina huruma. Iweke mezani mbali na ukuta, isifungiwe kabatini eti isiibiwe. Kila baada ya miezi michache ifungue uipulize. Kadi ikipata joto sana inajipunguzia kasi yenyewe, halafu unaanza kulaumu gemu.

Na mwenye milioni mbili je?

Huyo ana ruhusa ya kuunganisha kipande kwa kipande. Prosesa achague Ryzen 5 5600 au Intel i5-12400F, zote za mwaka 2022, viini sita kila moja. Ajue kwamba ile F ina maana haina grafiki ya ndani, bila kadi kioo kitabaki cheusi. Kadi achukue RX 6600 ya mwaka 2021, yenye GB 8, inayokula wati 132 tu. Pawa saplai iwe ya wati 500 au zaidi kidogo, ya jina linalojulikana na yenye alama ya 80 Plus. Hapa usibane senti. Pawa saplai mbovu haifi peke yake, inazikwa na wenzake.

Lakini hata yeye sheria ni ile ile. Chagua gemu, kisha kioo, kisha kadi, kisha umeme wa kuilisha, ndipo prosesa. Taa ni za mwisho, zikibaki hela.

Wengi wanaolizwa si kwa sababu pesa yao ilikuwa ndogo. Wanalizwa kwa sababu walinunua kitu cha kuwaonyesha washikaji badala ya kitu cha kuwashwa kila siku mahali walipo, kwa umeme walio nao, na fundi wanayeweza kumfikia kwa miguu. Kompyuta ya ofisi yenye rangi nyeusi ya msiba haitapigiwa makofi ikiingia mtaani. Lakini ikiwaka leo, ikawaka kesho, na ikawaka tena mwakani, wale wenye maboksi ya taa watakuja wenyewe kuomba zamu.

Kwa leo naishia hapo. Kama kuna muuzaji anakuharakisha na "tuma hela sasa hivi", mtumie yale maswali matatu. Akijibu yote, zungumzeni biashara. Asipojibu, nenda kalale, hela yako bado ipo kwenye simu.